Geti la Farasi kwa Bi. Verna

Katika miaka yake yote ishirini na minne, Odell Aasen hajawahi kuacha geti vibaya. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kwa sauti ya kuwafikia hata wasiomhitaji, amekaa juu ya boneti ya pikapu yake kando ya barabara kuu ya Corliss. Ilikuwa Jumamosi, tarehe sita Septemba, saa saba na dakika kumi mchana. Gwaride la kufunga kiangazi lilikuwa likipita mbele yake polepole, kama ng'ombe walioshiba.

"Muulizeni yeyote bondeni," alisema. "Geti nililolikuta limefungwa naliacha limefungwa. Nililolikuta wazi naliacha wazi. Siku nikikosea, nivueni beji."

"Beji yenyewe umepewa mwezi wa tatu," alisema Delfina Sullca, aliyekuwa akiuza viazi vilivyojazwa nyama kwenye meza ya pembeni. "Haijapata hata mkwaruzo."

"Ndiyo maana inang'aa, shemeji."

Delfina akamtazama kidogo, kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akamgeukia mteja.

Beji hiyo ilikuwa ya mkaguzi wa chapa. Katika milima ile ya Montana ng'ombe hauzwi wala farasi habadilishi mmiliki mpaka mkaguzi aje aitazame chapa kwenye ngozi yake na kuandika. Kazi ya kutazama makalio ya mifugo, kama walivyosema vijana wenzake, na Odell hakuwahi kuwabishia, kwa kuwa ilimlipia pikapu.

Aliyeuona moshi kwanza ni Rufino, mume wa Delfina. Alikuwa ameshika sahani. Akaiweka chini taratibu, macho yake yako kusini.

"Ule moshi," alisema, "unatoka kwetu."

Gari la zimamoto lilikuwa pale pale mjini, lakini lilikuwa ndani ya gwaride, limebanwa kati ya bendi ya shule na trela la malkia wa mavuno, na Mzee Harlan Brekke, mkuu wa zimamoto ya kujitolea, alikuwa kwenye usukani akiwarushia watoto peremende. Kulichomoa kulichukua karibu nusu saa. Odell hakusubiri. Alimpakia Rufino, akakanyaga mafuta, na kilomita thelathini za vumbi zikaisha kwa dakika ishirini. Bi. Verna Skaar, mwenye ranchi ambako Rufino na mkewe waliishi na kufanya kazi, alifuata nyuma na Delfina.

Walifika saa saba na dakika thelathini na tano. Marobota mia saba ya nyasi kavu, mavuno ya kiangazi kizima, yalikuwa yanaungua kwa ngurumo. Rufino hakuyatazama. Alikimbilia zizi dogo lililopakana na nyasi, walikokaa Bishop na Dolly, farasi wawili wazee waliovuta sleji ya nyasi juu ya theluji kila majira ya baridi.

Zizi lilikuwa tupu.

"Wako kule," alisema Odell.

Farasi walikuwa ng'ambo ya mfereji, katikati ya malisho, wanakula kama siku nyingine yoyote. Geti la seng'enge kati yao na zizi lilikuwa limefungwa.

"Nani kawatoa?" Rufino aliuliza.

"Si mimi."

"Basi Mungu," alisema Rufino, akachukua beleshi.

Odell alilitazama geti lile kwa muda. Masikio yakamwaka, na si kwa sababu ya moto. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyefutiwa deni, naye akachukua beleshi.

Gari la zimamoto lilifika saa nane na dakika tano. Kufikia jioni palikuwa na majivu, na Mzee Harlan alitoa hukumu yake kabla hayajapoa.

"Unyevu," alisema, akijifuta shingo. "Nyasi zilifungwa hazijakauka, zikajipika zenyewe humo ndani. Nimezima moto wa aina hii miaka ishirini na mmoja." Akamwekea Rufino mkono begani. "Usijilaumu, kijana. Kwenu Peru hakuna marobota."

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameifunga nyasi ya bonde lile, robota kwa robota, pamoja na ya Harlan mwenyewe mwaka aliovunjika mguu. Aliutazama ule mkono mpaka ukaondoka.

Odell alirudi na beleshi kwenye majivu.

*

Kibao kilikuwa barabarani tangu mwezi wa nne: RANCHI INAUZWA. MALISHO NA NYASI. EKARI 1,140. MAJI YA MFEREJI. Bi. Verna alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yamekataa, na hakujaliwa mtoto. Wanunuzi walikuwa wawili. Wa kwanza Bwana Kimball Thorne, tajiri kutoka pwani, aliyekwisha kununua ranchi tatu mle bondeni na kugeuza mbili kuwa mahali pa kuvulia samaki wiki mbili kwa mwaka. Wa pili Rufino.

Bi. Verna alimtaka Rufino. Benki nayo ilikubali kumkopesha kwa sharti moja, kwamba nyasi za msimu wote ziwe uani, kwani bila nyasi ng'ombe wa huko hawauoni mwezi wa tatu. Sasa nyasi hazipo, na mbaya zaidi, karatasi ya mkuu wa zimamoto ingesema zimeunguzwa na uzembe wa mkopaji. Mtu wa benki angefika Ijumaa saa nane mchana kuisoma. Asiyejua kukausha nyasi hapewi ranchi. Thorne angeipata hata kabla theluji ya kwanza haijaanguka.

Jumapili asubuhi Odell alikwenda kwa Sherifu Tolliver, akamkuta anakula mayai.

"Nataka kuchunguza ule moto."

"Wewe ni mtu wa ng'ombe, Odell. Nyasi hazina chapa."

"Kila kitu kina chapa, Sherifu. Ni kuitafuta tu."

"Harlan amekwisha kusema."

"Harlan alisema majivu yakiwa moto. Hata daktari humpima mgonjwa kabla ya kumzika."

Sherifu akapaka siagi mkate wake. "Una mpaka Ijumaa. Ukiniaibisha, nitakutuma ukahesabu nguruwe wa kaunti nzima."

Kwenye mlango wa ghala la Bi. Verna kulikuwa na safu za namba za chaki. Tangu nyasi zilipopangwa katikati ya Julai, Rufino alichomeka kipimajoto kirefu ndani ya rundo kila asubuhi kwa mwezi mzima na kuandika. Hakuna siku kilipovuka digrii mia moja na kumi za Farenhaiti. Watu wa bonde lile huanza kuogopa kikifika mia na sabini na tano.

"Chaki huandika chochote," alisema Odell, si kwa ubaya.

"Chimba basi," alisema Rufino.

Wakachimba. Chini kabisa, upande wa kusini, marobota kadhaa yalikuwa yameungua nje tu. Odell alipasua la kwanza kwa kisu. Nyasi inayojipika huanzia moyoni: hugeuka kahawia kama tumbaku na kunuka sukari iliyoungua. Moyo wa robota lile ulikuwa wa kijani na ulinukia Julai. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo.

"Moto uliingia kutoka nje," alisema Odell.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Rufino akapangusa mikono. "Nilisema. Jana jioni nilisema mara mbili. Harlan alinipa maji ya kunywa."

Damu ilimpanda Odell. Alisimama pale na kipande cha nyasi mkononi, akijaribu kukumbuka kama na yeye alikuwapo Rufino aliposema. Alikuwapo. Hakusikia, kwa sababu hakuwa amegeuza shingo.

Kabla ya kuondoka alipita kwenye geti la farasi. Mageti ya namna ile ni nyaya za seng'enge na vijiti tu; ukishalivuta, unakichomeka kijiti cha mwisho kwenye kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye nguzo, nalo linakaza. Kitanzi cha juu kilikuwa kimekatika. Badala yake palikuwa na kamba, imezungushwa mara tatu na kufungwa fundo safi, la mtu asiyekuwa na haraka hata pale anapopaswa kuwa nayo. Odell aliipiga picha, akaipapasa. Ilikuwa ya katani.

Alikata kipande, akakitia mfukoni. Geti aliliacha limefungwa kwa kamba iliyobaki, kwa uangalifu wa kupita kiasi.

*

Bonde zima, mara liliposikia kwamba moto ulitiwa, lilimnyooshea Thorne kidole. Lilikuwa jambo tamu kuamini. Jumatatu saa tatu asubuhi Odell alimkuta kwenye veranda ya nyumba yake ya magogo, amevaa buti ambazo hazijawahi kukutana na kinyesi.

"Ulikuwa wapi Jumamosi kuanzia saa nne na nusu hadi saa saba?"

"Jukwaani, Corliss, nikiwapungia mkono watu wasionipenda. Kuna picha."

"Na watu wako?"

"Waulize. Lakini nisikilize, kijana. Kwa nini nichome? Mimi sina haraka."

Odell alijua jambo moja ambalo halikuwa kwenye picha yoyote. Watu wa Thorne hawafungi mageti. Mara tatu mwaka ule ng'ombe wa watu walilala barabarani kwa sababu ya mageti yao. Aliyewatoa farasi Jumamosi alifunga geti, tena alilitengeneza.

"Nisikudanganye," Thorne aliendelea, "pale kwa bibi pekee sipataki. Kijito kinapita katikati. Nilisema tangu mwanzo: nanunua kingo zote mbili, au sinunui hata moja."

"Kingo zote mbili." Odell aliacha kuandika. "Ukingo wa pili ni wa Harlan Brekke."

"Naam. Tulipatana mwezi wa sita. Aliniomba iwe siri, ana heshima yake ya kulinda."

Odell alirudi kwenye pikapu, akakaa bila kuwasha injini. Kwenye bampa ya gari la Harlan Brekke kulikuwa na stika: BONDE HILI HALIUZWI. Mikutanoni Harlan ndiye aliyepiga meza. Ndiye aliyemwita mjane wa jirani msaliti mwaka juzi kwa kumuuzia Thorne, mpaka yule mama akahama bila kuagwa. Na Odell, kama wajinga wengine wote, alikuwa amempigia makofi.

*

Jumanne alikwenda kwa Harlan kunywa kahawa. Alikaribishwa kwa pai ya matunda ya porini, kwani ukarimu haukuwa umemtoka mzee yule.

"Nasikia unacheza upelelezi," alisema Harlan.

"Najaza karatasi tu, mzee. Sherifu anataka mpangilio. Mlipofika Jumamosi, wewe ulisimama wapi?"

"Kwenye pampu. Upande wa kaskazini."

"Muda wote?"

"Sikuiacha hata dakika moja. Pampu ile ni kama mke wangu wa kwanza, ukigeuka tu inazima."

Odell akacheka, maana ilichekesha. "Kwa hiyo upande wa zizi hukufika."

"Sikufika. Kwani vipi?"

"Kuna geti la farasi pale. Nataka kujua nani aligusa nini."

"Mimi sikuligusa."

"Si Jumamosi, si hivi karibuni?"

"Kijana, sijafika upande ule tangu masika. Andika hivyo."

Odell akaandika, na saa: saa nne na dakika ishirini. Kisha akaelekeza kidevu ghalani, kwenye mabunda ya kamba za kufungia nyasi, yaliyopangwa kama mikate. "Bado katani tu? Bonde zima linatumia plastiki."

Hapo mzee alisahau kahawa yake. "Plastiki huua. Ng'ombe wangu watatu, mwaka mmoja, matumbo yamejaa kamba za plastiki za majirani. Katani ng'ombe anaitafuna, inakwisha. Naiagiza mwenyewe, nyuzi nene kuliko zote. Hakuna mwingine anayejisumbua mpaka kule kwenye daraja."

"Hakuna mwingine," Odell alirudia polepole, akiandika.

"Hilo nalo unaliandika?"

"Nina mwandiko mbaya, mzee. Najizoeza."

*

Ijumaa, saa saba kamili mchana, watu sita walikuwa jikoni kwa Bi. Verna. Mwenyewe alikaa kichwani mwa meza, mguu juu ya kigoda. Rufino alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Delfina alikuwa kwenye sinki, mgongo kwao, anamenya viazi. Sherifu alijimiminia kahawa. Mbele ya Harlan palikuwa na karatasi na kalamu.

"Nitie sahihi twende," alisema Harlan. "Nami hili halinifurahishi."

"Kabla ya hapo," alisema Odell, "moto ulitiwa. Sherifu ameona marobota. Moyo wa kijani."

Sherifu alitikisa kichwa kukubali. Harlan aliiweka kalamu.

"Basi ni Thorne," alisema. "Niliwaambia siku zote."

"Uliwaambia siku zote," Odell alikubali. "Lakini aliyetia moto huu alianza kwa kuwatoa farasi zizini. Aliwavusha mfereji, akarudi, akakuta geti halifungiki, kitanzi kimekatika. Mtu wa Thorne angeliacha. Huyu alitoa kamba mfukoni akalifunga, farasi wasirudi kwenye moto. Mara tatu kuzunguka, na fundo. Ndipo akaenda kuchoma nyasi." Akakiweka kipande cha kamba mezani. "Katani."

Bi. Verna alikiinua, akakisugua kwa vidole, akakirudisha. Hakumtazama mtu.

"Oo, hiyo," alisema Harlan, na sauti yake haikutikisika. "Nilisahau. Alhamisi ile kabla ya moto nilipita, nikakuta kitanzi kimekatika, nikalifunga. Ujirani huo."

"Jumanne uliniambia hujafika pale tangu masika."

"Nina miaka sitini na minane. Mtu husahau."

"Jumamosi asubuhi geti lilikuwa na kitanzi chake. Nilikuja saa tatu na nusu kukagua farasi kwa ajili ya uhamisho, nikapita pale. Kitanzi kilikuwa kizima."

"Nawe ulipoondoka?"

"Saa nne na robo." Odell alikohoa. "Kilikuwa kimekatika."

"Kikakatwa na nani?"

"Na... hali ya hewa."

Sherifu aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Harlan akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sherifu, huyu mtoto ana beji ya miezi sita na hadithi yenye tundu. Neno lake dhidi ya langu. Mwenye macho mengine aliyeliona geti hilo Jumamosi ni nani?"

"Mimi," alisema Delfina.

Hakugeuka mara moja. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza kwenye maji, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Jumamosi saa tatu asubuhi niliwapelekea farasi maji. Nililifungua geti lile, nikalifunga. Kitanzi cha waya, kizima. Hapakuwa na kamba. Saa nne na nusu tuliondoka sisi watatu kwenda mjini. Saa nane kasorobo, tuliporudi na moto unawaka, mume wangu ananionyesha farasi ng'ambo, nikaona kamba. Gari la zimamoto lilikuwa bado halijafika."

"Kwa nini hukusema wiki nzima?" Sherifu aliuliza.

"Nani aliniuliza?" alisema Delfina. "Wamepita watu kumi na wanne jikoni hapa tangu Jumamosi. Nimewapikia kahawa wote. Wamezungumza unyevu, wamezungumza Peru. Hakuna aliyeniuliza hata saa ngapi."

Sherifu akaweka kikombe chini kana kwamba kimekuwa kizito.

"Gwaride lilianza saa sita," alisema Odell. "Gari la zimamoto lilikuwa la mwisho kufika kujipanga, saa sita kasoro dakika tano. Dereva alichelewa. Kila mtu wa bonde hili alikuwa Corliss, hakuna wa kuona moshi mpaka uwe mkubwa. Na ukiwa mkubwa, wewe uko mbele ya macho ya watu mia sita unarusha peremende. Hukuhitaji hata kisingizio, mzee, maana ulishapanga kusema hakuna aliyetia moto. Wewe ndiye mwenye kusema. Bwana Thorne amenieleza habari za kingo mbili. Tangu mwezi wa sita."

Uso wa Harlan ulibadilika rangi, ukaanza kuzeeka pale pale. Alimtazama Bi. Verna. Miaka arobaini walikuwa majirani, na Harlan ndiye aliyeshika kona ya mbele ya jeneza la mumewe.

"Verna," alisema. "Mgongo wangu umekwisha. Watoto wangu wako mijini, hawarudi. Yule bwana alisema zote mbili au hapana. Wewe ukimuuzia huyu, mimi nafia kwenye ile nyasi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, na maneno yangu yote yale?"

"Maneno yako yote yale," alisema Bi. Verna. "Uliwatoa farasi kwanza?"

"Ndiyo. Siwezi kumchoma farasi."

"Uliwaonea huruma Bishop na Dolly. Rufino je?"

"Yeye bado kijana," alisema Harlan. "Angepata kazi popote."

"Nina miaka arobaini na mmoja," alisema Rufino kutoka mlangoni. Ndilo neno lake la kwanza mchana ule, na alilisema bila kupandisha sauti. "Na mwaka uliovunjika mguu nilifunga nyasi zako siku kumi na tisa. Hazikuungua."

Bi. Verna aliivuta ile karatasi isiyotiwa sahihi, akaichana mara mbili, akamsukumia Sherifu karatasi tupu na kalamu.

"Andika uliyoyasikia. Mtu wa benki anakuja saa nane." Akamgeukia jirani yake. "Ghalani kwako kuna kiasi gani?"

"Marobota mia nane," alisema Harlan kwa shida.

"Mia saba yawe uani kwangu kufikia Jumatatu jioni. Na uyapange wewe, kwa mgongo huo huo. Mahakama itasema yake baadaye."

"Nitamleta mwenyewe," alisema Sherifu, bado anaandika.

Saa nane na dakika tano mtu wa benki aliegesha gari chini ya kibao. Saa tisa na nusu alitoka, na Rufino akaenda barabarani na nyundo kukiondoa. Msumari wa mwisho ulikuwa na kutu. Aliung'oa kwa mikono.

Odell akisimulia kisa hiki, na amekisimulia kila mahali penye kahawa kati ya Corliss na daraja, huishia kwenye msumari huo. Husema aligundua yote kwa sababu mtu asiyewahi kuacha geti vibaya hulijua geti lilivyo. Lakini Delfina naye alikuwapo jikoni, na alasiri ile, wengine walipokwenda barabarani, alimzuia Odell mlangoni mbele ya Bi. Verna.

"Hiyo hali ya hewa ya Jumamosi," alisema.

"Ilikuwa mbaya, shemeji. Upepo."

"Niliuona kupitia dirisha hili. Upepo ulikuwa umevaa kofia ya kijani na beji mpya. Kijiti kilikataa kuingia kwenye kitanzi, upepo ukakipiga teke, kitanzi kikakatika. Upepo ukatazama kulia, ukatazama kushoto, ukaliegemeza geti kwenye nguzo polepole, ukakimbilia pikapu."

Odell alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ishirini na minne, hakikutoka kitu.

Bi. Verna aliunyoosha mkono nyuma ya kiti chake bila kuinuka, akatoa plaizi na kipande cha waya mpya kwenye msumari wa ukutani, akampa.

"Beji iache mezani," alisema. "Utaichukua geti likikaza."